X ya ziada na maneno yanayochelewa

Nina kromosomu 47, zile nyuzi ndogo za ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Watu wengi wana 46, na kwa wanaume wengi mbili kati ya hizo ni X moja na Y moja. Mimi nina X mbili na Y moja. Hali hii huitwa sindromu ya Klinefelter, kwa jina la Harry Klinefelter, daktari Mmarekani aliyeieleza pamoja na wenzake mwaka 1942. Chanzo chake hakikujulikana hadi 1959, Patricia Jacobs na John Strong walipoiona ile X ya ziada chini ya hadubini kule Edinburgh.

Mimi nilijulishwa nikiwa mtu mzima mwenye ndoa. Mtoto hakuja, tukapimwa wote wawili, manii yangu yakaonekana hayana mbegu hata moja, ndipo daktari akaagiza kipimo cha kromosomu. Alipotupa majibu alieleza kwa subira habari za uzazi, za korodani na za homoni ya testosteroni. Mke wangu alilia, nikamshika mkono. Mazungumzo yote ya siku ile yalikuwa ya chini ya kiuno. Habari za kichwa hazikuguswa. Hakuna aliyeniuliza nilianza kusema nikiwa na umri gani, wala shule niliipitaje.

Ya kichwa niliyatafuta mwenyewe, kwa mwendo wangu, maana mimi nasoma polepole tangu darasa la kwanza. Nikaanza kukuta utoto wangu umeandikwa na watu wasionijua kabisa.

Nilichelewa kusema. Mama husimulia kwamba watoto wa rika langu walikuwa tayari wanagombana kwa maneno, mimi bado naonyesha kwa kidole. Darasani nililisikia swali na jibu nililijua, ila kulipanga liwe sentensi kulinichukua muda, na nilipokuwa tayari mwalimu alishamgeukia mwingine. Maagizo matatu yakitolewa kwa mfululizo nilishika la kwanza, mengine yakanipita. Nikiambiwa nisome kwa sauti mbele ya wenzangu, nilitokwa jasho mpaka kurasa zikalowa. Ripoti zangu za shule zilirudia maneno mawili, mvivu na mkaidi. Wageni wakija nyumbani walidhani nimenuna. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akiwaambia, "Mwacheni, bado anatafuta."

Na mtoto huyohuyo aliyeitwa mvivu alikuwa anafungua redio iliyokufa na kuirudisha ikizungumza. Leo kazi yangu ni mota na pampu. Nikiiona mota imefunguliwa mezani, naijua inavyozunguka kabla sijaigusa. Fundi aliyenifundisha hakuwa mtu wa maelezo. Alifanya, mimi nikatazama, kisha nikafanya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mwanafunzi hodari, na siamini kwamba nilibadilika tabia siku niliyoingia karakana. Ilibadilika njia ya kuletewa somo.

Jambo hili ndilo linalonikaa moyoni kuliko hata suala la uzazi. Kromosomu za jinsi, yaani X na Y, zikizidi au zikipungua, ubongo haupungui kila mahali kwa kiasi kimoja. Unakuwa na sehemu imara na sehemu dhaifu, na umbali kati ya hizo mbili ni mkubwa kuliko wa watoto wengi. Watu wakimwona mtoto anaweza hiki kwa wepesi na kile hakiwezi kabisa, hawafikirii ubongo. Wanasema hataki. Wanasema ana kiburi. Yaani udhaifu wa sehemu moja ya ubongo unahukumiwa kama tabia ya mtu kwa ujumla.

Picha za MRI, zile za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, zimeonyesha mengi tangu miaka ya 1990. Kwa watu wenye XXY kama mimi, ubongo kwa wastani ni mdogo kidogo kwa ujazo, na upungufu unaonekana zaidi pembeni, usawa wa masikio, kwenye pande linaloshughulika na sauti, lugha na kumbukumbu, hasa upande wa kushoto. Sehemu ya juu kuelekea kisogoni, ile inayotusaidia kupima nafasi, umbali na umbo, kwa kiasi kikubwa imehifadhika. Niliposoma hayo niliweka simu chini. Redio na mota upande huu, sentensi zilizogoma upande ule.

Kuna utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2008, ambao ulinigusa zaidi kwa sababu haukupima ukubwa bali kazi. Kwa watu wengi, lugha ikishughulikiwa, upande wa kushoto wa ubongo ndio unaobeba mzigo. Wanaume wenye XXY waliowekwa kwenye mashine na kupewa kazi za lugha walionyesha tofauti hafifu zaidi kati ya pande mbili, kwa sababu upande wa kulia nao ulikuwa unashughulika sana. Ubongo wao haukulala. Ulikuwa kazini pande zote mbili. Ningependa kila mwalimu aliyewahi kuandika neno "mvivu" aijue picha hiyo.

Niseme pia kuhusu wastani, maana watu huogopa upesi. Watoto wenye XXY wakilinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja, alama zao za akili upande wa lugha huwa chini kwa takriban pointi 10 kwa wastani. Wengi bado wako ndani ya kiwango cha kawaida. Nusu yao au zaidi hupata shida ya kusoma. Wapo waliomaliza vyuo vikuu na wapo wanaohitaji msaada mkubwa kila siku, wote wakiwa na kromosomu zilezile. X zikizidi zaidi, kama katika XXXY au XXXXY, hali huwa nzito zaidi, na hizo ni nadra sana. Ripoti ya kromosomu inaonyesha uwezekano umeegemea wapi. Kuhusu mtoto fulani, huyu aliyelala kitandani, haiwezi kusema.

Nina rafiki mwenye upande wa pili wa jambo hili. Yeye ni mwanamke mwenye X moja tu badala ya mbili, hali inayoitwa sindromu ya Turner, inayompata mtoto wa kike mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Tulifahamiana kwenye kundi la watu wenye tofauti za kromosomu, na tangu siku ya kwanza tulishangaana. Dada huyu anazungumza kama aliyesomea utangazaji. Alisoma mapema, anakumbuka mashairi marefu, anasimulia jambo mpaka unaliona. Lakini saa ya mishale ilimtesa utotoni, ramani hadi leo ni ukuta kwake, na hesabu zilimfanya achukie shule. Yeye hawakumwita mjinga. Walimwita mjeuri. Mtoto mwenye ulimi kama ule, walisema, hawezi kushindwa na kujumlisha, anafanya makusudi.

Picha za ubongo za wasichana wenye Turner zinaonyesha ile sehemu ya juu nyuma, iliyohifadhika kwangu, ndiyo iliyopungua kwao. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ya nafasi na idadi. Lugha yao kwa kawaida iko imara. Amigdala, sehemu ndogo ya ndani inayohusika na hofu na kusoma nyuso za watu, imeonekana kuwa kubwa kuliko kawaida, na baadhi yao hupata tabu kutambua uso wa mtu mwenye hofu au hasira. Rafiki yangu anasema ameishi akiuliza watu, "Umekasirika?", na watu wakikasirika kwa sababu ameuliza.

Mimi na yeye tukikaa pamoja, mimi nashika ramani na yeye anaomba njia kwa watu. Tunafika.

Sasa, X moja kuzidi au kupungua inawezaje kufanya hayo yote? Kwa muda mrefu sikuelewa, kwa sababu nilisoma kwamba X ya pili huzimwa. Mwaka 1949 Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram, wakichunguza seli za neva za paka huko Kanada, waliona kidonge cheusi ndani ya seli za majike ambacho madume hawakuwa nacho. Mwaka 1961 Mary Lyon, Mwingereza, alipendekeza maelezo: katika kila seli ya jike, X moja inanyamazishwa mapema kabisa, kiumbe kikiwa bado tumboni. Kidonge kile ndiyo X iliyonyamazishwa. Mimi pia ninacho, ingawa ni mwanamume. Basi kama X yangu ya ziada imezimwa, kwa nini niwe tofauti na kaka yangu?

Jibu ni kwamba haizimwi yote. Kiasi cha asilimia 15 ya jeni za X iliyonyamazishwa huendelea kufanya kazi. Tena kwenye ncha za X na Y kuna vipande vinavyofanana, ambavyo kwa sehemu kubwa havizimwi, na kila mtu anatakiwa kuwa na nakala mbili zake. Mimi ninazo tatu. Rafiki yangu anayo moja. Jeni moja iliyo kwenye ncha hiyo, iitwayo SHOX, inasimamia ukuaji wa mifupa mirefu, ndiyo maana mimi nina miguu mirefu na yeye akisimama kando yangu ananifika kifuani. Urefu wetu mnauona kwa macho. Jeni nyingine zinazobaki wazi zinafanya kazi ndani ya seli za neva, kwenye maungio yao na kwenye kupanga jeni nyingine ziwake lini, na hizo nazo zimezidi kwangu na kupungua kwake.

Nitumie mfano wa kazi yangu. Ukiisuka mota upya ukazidisha mizunguko ya waya, hujaharibu kifaa chochote. Kila kitu kipo, mota inazunguka. Lakini mwendo wake, nguvu yake na joto lake vyote vimebadilika kidogo kwa pamoja. Hakuna skrubu moja utakayoionyesha useme ugonjwa uko hapa. Ndivyo ninavyoelewa kiasi cha jeni kilichozidi: hakuna jeni moja ya "kuchelewa kusema" iliyogunduliwa kwetu, kuna nyingi zilizosogezwa kidogo, wakati ubongo unajengwa.

Wengine hudhani yote ni homoni. Nami niliwahi kuambiwa, ukipata testosteroni utachangamka na maneno yatakuja. Natumia testosteroni sasa, na imenisaidia sana: nguvu za mwili, usingizi, hali ya moyo, na mifupa yangu inalindwa. Maneno yanakuja kwa mwendo uleule. Na ukifikiri vizuri, homoni peke yake haiwezi kueleza. Kuchelewa kusema huonekana mtoto akiwa na mwaka au miaka miwili, mbali kabisa na kubalehe. Kisha wapo wasichana wenye X tatu, takriban mmoja kati ya 1,000, ambao wengi wao ovari zao zinafanya kazi sawasawa, wanapata watoto, na bado kuchelewa kusema na ugumu wa kusoma ni jambo la kawaida kwao kama kwangu. Wapo wavulana wenye XYY, yaani X moja na Y mbili, nao takriban mmoja kati ya 1,000, testosteroni yao ni ya kawaida, na lugha bado inawasumbua wengi wao. Hali tatu, homoni tofauti, shida ya lugha ileile. Kilicho sawa kwa wote ni kromosomu moja iliyozidi.

Timu ya Armin Raznahan, kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, ilichapisha mwaka 2016 kazi inayokwenda njia hiyo. Walilinganisha ubongo wa watu wenye idadi mbalimbali za X na Y. Kwa ujumla X na Y zilivuta ukubwa wa ubongo mzima kwenye mielekeo tofauti, lakini katika maeneo fulani ya gamba la ubongo X ya ziada na Y ya ziada ziliacha alama inayofanana, hasa kwenye maeneo yanayohusika na mawasiliano na maisha ya kijamii. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka vijana wenye XYY ninaowafahamu, jinsi tunavyofanana kwenye simu: kimya kirefu, halafu sentensi fupi.

Homoni hazitoki mikono mitupu, lakini. Wasichana wenye Turner wakipewa estrojeni, homoni ya kike, kasi yao ya kufanya kazi za mikono na baadhi ya mambo ya kumbukumbu imeonekana kuboreka katika tafiti za Judith Ross na wenzake. Ross huyohuyo aliwapa wavulana wadogo wenye XXY dawa hafifu ya jamii ya testosteroni, na matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha nafuu kwenye ushirikiano wa macho na mikono. Lugha haikusogea.

Lipo pia swali la X imetoka kwa nani. Mwaka 1997 David Skuse na wenzake wa London walichapisha uchunguzi wa wasichana na wanawake 80 wenye Turner. Wale ambao X yao pekee ilitoka kwa baba walionekana kuwa na wepesi zaidi wa mambo ya kijamii kuliko wale ambao yao ilitoka kwa mama. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na mimi sipendi watu wanapolichukua kama hukumu iliyokwisha. Lakini swali lenyewe ni zuri: jeni ileile ikiwa na asili tofauti inaweza kufanya kazi tofauti katika ubongo wa mtoto.

Sasa nifike kwa ndugu zetu wenye XYY, maana wao walidhulumiwa hadharani. Mwaka 1965 Patricia Jacobs na wenzake walitangaza kwamba katika hospitali moja ya ulinzi mkali huko Uskoti, wanaume wenye XYY walionekana wengi kuliko ilivyotarajiwa. Magazeti yakalichukua. Ikawa Y ya ziada ni kromosomu ya uhalifu. Mwaka 1968 ikaenezwa kwamba Richard Speck, muuaji wa wanafunzi wa uuguzi huko Chicago, alikuwa na XYY. Hakuwa nayo, kromosomu zake zilikuwa za kawaida. Uongo huo uliishi kuliko ukweli, ukaingia vitabuni, na watoto wakazaliwa na kutazamwa na wazazi wao kwa jicho la kusubiri wafanye ubaya.

Denmark ndiko kulikofanywa kazi ya maana. Herman Witkin na wenzake walipima wanaume warefu 4,139, wakapata 12 wenye XYY na 16 wenye XXY. Matokeo yalitoka 1976. Katika wale 12, watano walikuwa wamewahi kutiwa hatiani kwa kosa, uwiano ulio juu kuliko wa wengine, lakini makosa kwa sehemu kubwa yalikuwa madogo, ya mali, na haukuonekana ushahidi kwamba ni watu wakali. Watafiti walielekeza kidole kwenye elimu na alama za akili, si kwenye ukatili. Ninavyolisoma mimi, hawa walikuwa wavulana walioshindwa na shule kwa sababu ya lugha, wakaishia pembeni, na dunia ikaandika kwamba wamezaliwa wabaya. Ni lile lile la mvivu na mjeuri, ila hapa limefika mpaka magerezani.

Mama yangu, nilipomweleza majibu, aliuliza neno moja tu: "Nilikosea wapi?" Nilichukua muda kumjibu, kama kawaida yangu, lakini jibu nilikuwa nalo. Kromosomu zinapogawanywa kutengeneza yai au mbegu, wakati mwingine mbili ambazo zingetengana zinakwenda pamoja. Kwa XXY hutokea karibu sawa kwa pande zote, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Chakula hakileti, dawa haileti, wala hasira ya mimba. Hali hii kwa kawaida hairithishwi pia. Alinyamaza, akauliza tena kama kaka yangu naye anayo. Nikamwambia hapana. Tangu siku hiyo amepumua. Anasema aliponitetea kwa wageni alikuwa anabahatisha, nami nimemwambia alikuwa sahihi kuliko ripoti zote za shule.

Na utetezi wake ulikuwa na uzito wa kweli. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti wa Denver, Edinburgh, Toronto na Aarhus walipima kromosomu za maelfu ya watoto wachanga, kisha wakawafuata waliokutwa na tofauti mpaka ukubwani. Kikundi cha Denver kiliona kwamba nyumba yenye misukosuko iliwaumiza watoto hawa kuliko ilivyowaumiza ndugu zao wenye kromosomu 46, na waliokulia penye utulivu waliendelea vizuri zaidi. Ubongo ulioegemea upande mmoja unahitaji zaidi watu wanaousubiri.

Kwenye ndoa pia nililazimika kujifunza. Wengi wetu wenye XXY tunapata tabu kuipa hisia jina. Mke wangu akiuliza, "Mume wangu, una nini leo?", najua kuna kitu kifuani, ila hakina neno. Zamani aliona namficha. Siku hizi namwandikia. Nikiwa na simu mkononi na hakuna anayenitazama, maneno yanakuja, hata haya mnayosoma yamekuja hivyo, kwa siku kadhaa, sentensi baada ya sentensi. Yeye hunijibu kwa maandishi kutoka chumba cha pili, kisha tunakutana jikoni tukiwa tumeshaelewana.

Ninaandika zaidi kwa ajili ya wazazi wapya. Tangu 2011 kuna kipimo cha damu ya mama mjamzito kinachochunguza vipande vya DNA vinavyotoka kwenye kondo, na sasa wengi wanaambiwa habari za X na Y mtoto akiwa tumboni. Kipimo hicho kinakisia, hakithibitishi, na kwa kromosomu za jinsi hukosea mara nyingi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Uthibitisho ni kupima maji ya uzazi, au damu ya mtoto akishazaliwa. Mama mmoja aliniandikia akiwa amepewa majibu ya XXY kwa simu, na mtu aliyempigia alimsomea orodha ya matatizo tu, bila kumwambia kwamba wengi wetu tunafanya kazi, tunaoa, tunaishi. Nilimwambia kuhusu mota zangu. Nilimwambia pia ukweli mwingine, kwamba asisubiri. Mtoto afuatiliwe lugha tangu mwaka wa kwanza, asipimwe kwa kaka wa jirani, masikio yake yachunguzwe, na mtaalamu wa matamshi na lugha aanze naye mapema badala ya kungoja akifika shuleni ashindwe.

Upande wa pili wapo wale ambao hawajaambiwa chochote. XXY inampata mvulana mmoja kati ya 500 hadi 1,000, na uchunguzi wa kumbukumbu za taifa za Denmark uliotolewa 2003 ulikadiria kwamba ni robo tu wanaojulikana maishani mwao, na chini ya asilimia 10 ndio wanaogunduliwa kabla ya kubalehe. Kwa hiyo wengi wao wako madarasani sasa hivi, wamekaa nyuma. Mvulana aliyechelewa kusema, anayehangaika kusoma, mwenye miguu mirefu kuliko kiwiliwili, na akibalehe korodani zake zinabaki ndogo, huyo anastahili kipimo cha kromosomu. Ni damu kidogo tu ya mkononi.

Majibu yakitoka, shule itataka barua. Mwombeni daktari aandike ugumu wenyewe na namna ya kuusaidia: maagizo yatolewe moja moja na yaandikwe ubaoni, apewe muda wa kujibu bila kukatizwa, asilazimishwe kusoma kwa sauti bila kujiandaa, aonyeshwe kabla ya kuelezwa, mtihani wake uongezewe muda. Na kwa msichana mwenye Turner barua iwe nyingine: hesabu zipangwe kwa hatua za maneno, njia za jengo la shule atembezwe mpaka azizoee, asikatwe alama kwa mchoro usionyooka. Mwalimu akipewa herufi XXY peke yake, hana la kufanya nazo.